Umepiga Windows na laptopu haifiki desktopu? Pitia hatua hizi kabla hujaipiga tena

Laptopu ilikuwa inawaka vizuri. Ukapiga, yaani ukaweka, Windows mpya au Ubuntu (aina ya Linux), ikafika asilimia mia, ikajizima ili ijiwashe upya, na tangu hapo inakupa kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi. Wengi wakifika hapo hurudisha flashi na kupiga upya tangu mwanzo. Nakuomba usifanye hivyo kwanza. Mara nyingi mfumo endeshi uliouweka umekaa salama kwenye diski, ila mashine haijui iuanzie wapi. Ukipiga tena bila kugusa chanzo utarudi palepale, na mafaili yaliyopona mara ya kwanza yanaweza kufutika mara ya pili.

Hapa Dodoma tunakutana na jambo hili sana kwa sababu ya aina ya mashine tulizonazo. Kuanzia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hadi walimu wa Kongwa na Bahi, laptopu nyingi ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad zilizotumika maofisini nchi za nje, zikapita Kariakoo, zikafika huku. Ni mashine imara, na mwenye bajeti ndogo huwa namshauri anunue hizo hizo. Lakini zinakuja na betri iliyochoka, betri ndogo ya saa iliyokwisha, na mipangilio aliyoiacha mwenye nayo wa kwanza. Na tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanapanda Windows 11 au wanahamia Linux, ndiyo maana maswali yamezidi.

Kama mashine ni ya ofisi, iwe ya Mji wa Serikali Mtumba au ya halmashauri, ishia hapa na umpelekee Afisa TEHAMA wa ofisi yako. Yanayofuata ni kwa mashine yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua kama haiwaki au haibuti (inawaka ila haiufikii mfumo endeshi)

Watu husema "haiwaki" kwa mambo matatu tofauti. Kuna ambayo haina taa wala feni haizunguki: hiyo ni shida ya umeme, yaani chaja, tundu la chaja au bodi, na mfumo uliopiga hauhusiki. Kuna inayowaka taa, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi na hata nembo ya kampuni haionekani: hapo shaka kubwa ni RAM (memori ya mashine) au bodi. Na kuna inayoonyesha nembo, kisha ikaleta maandishi, ikazunguka bila mwisho, au ikaingia kioo cha bluu. Hii ya tatu ndiyo mwongozo huu unaihusu.

Kwa mbili za kwanza, jaribu jambo moja kabla ya kwenda kwa fundi. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, washa. Ikigoma na unaweza kufungua kava la chini, chomoa RAM, futa meno yake kwa kitambaa kikavu kisafi, irudishe hadi isikike imeingia. Vumbi letu la kiangazi huingia ndani ya laptopu kuliko watu wanavyodhani, na RAM iliyokaa vibaya hunyamazisha mashine nzima. Ikilia milio au taa ikapepesa kwa mpangilio, hesabu milio hiyo na umwambie fundi idadi yake, kwa maana kila kampuni imeipa maana yake.

Hatua ya 2: Chomoa kila kitu, kisha soma kioo

Chomoa flashi, mausi, memori kadi na diski ya nje. Flashi ya kupigia ikibaki imechomekwa, mashine inaweza kurudi kwenye ukurasa wa kwanza wa kupiga kila inapojiwasha, nawe ukadhani haikupiga. Kuna watu wamepiga mara kadhaa kwa sababu hiyo tu.

Sasa washa na usome. Piga picha kioo kwa simu ili usilazimike kukumbuka. Maandishi yale ni ya Kiingereza, na kila moja linakuelekeza mahali pake.

"No bootable device", "Operating System not found", au kwenye HP "Boot Device Not Found" yenye alama 3F0: mashine imetafuta pa kuanzia ikakosa. Ama diski haionekani kabisa, ama inatafutwa kwa njia isiyo yake. Nenda hatua ya 3.

Kioo cha bluu chenye "INACCESSIBLE BOOT DEVICE": Windows imeanza kuamka, kisha ikapoteza mawasiliano na diski. Hatua ya 5.

"grub rescue>" au "grub>": kianzishi cha Linux kipo, ila sehemu yake nyingine imefutwa au imehama. Hatua ya 7.

"Preparing Automatic Repair" inayojirudia bila kuisha: mara nyingi ni mafaili ya kuanzia yaliyoharibika, au diski inayokufa. Soma hatua ya 4 kabla ya nyingine yoyote.

Kioo cha bluu kinachodai namba ndefu za BitLocker, kufuli la diski la Windows: nimeieleza mwishoni mwa hatua ya 5. Usifute chochote kabla ya kuisoma.

Hatua ya 3: Ingia BIOS uangalie mambo matatu

BIOS ni programu ya msingi ya mashine, inayoanza kabla ya Windows. Zima mashine kabisa. Washa na papo hapo anza kugonga kitufe cha kampuni yako mfululizo. Dell ni F2 kuingia BIOS, na F12 kupata orodha ya kuchagua pa kuanzia. HP gonga Esc, kisha F10 kwa BIOS au F9 kwa orodha. ThinkPad ni F1 kwa BIOS na F12 kwa orodha. Acer ni F2, na F12 yake mara nyingine lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS. Asus ni F2, na Esc kwa orodha. Ikikuomba nenosiri usilolijua, mashine imefungwa na mwenye nayo wa zamani. Ndiyo maana unaponunua ya mtumba, mwambie muuzaji aingie BIOS mbele yako kabla hujatoa pesa.

La kwanza la kuangalia: je, diski inaonekana? Tafuta jina lake na ukubwa wake kwenye ukurasa wa taarifa za mashine. Kama haipo, mfumo uliopiga hauna kosa. Zima, fungua, chomoa diski na uirudishe vizuri. SSD (diski zisizo na kinachozunguka ndani) nyembamba za M.2 hulegea skrubu yake, na diski za SATA waya wake hufyatuka. Ikiwa bado haionekani, jaribu diski hiyo kwenye mashine nyingine ujue mgonjwa ni nani.

La pili: tarehe na saa. Kama BIOS inasema tuko miaka mingi nyuma, betri ndogo ya saa imekwisha. Hii inaonekana ndogo, lakini hapa Dodoma naiona kila mara, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mwalimu mmoja wa Kondoa alileta laptopu iliyokuwa imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja kaipiga Windows upya. "Fundi," akaniambia, "hii ikiwa hapa mjini inawaka. Nikifika nayo nyumbani, nikilala, asubuhi inasema haina diski." Betri yake kubwa ilikuwa imekufa kabisa, anatumia kwa chaja tu. Usiku akichomoa chaja, kilichobaki kushikilia saa na mipangilio ni ile betri ndogo ya duara, CR2032, ambayo kwenye laptopu nyingi hufungwa kwa plastiki nyeusi na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Ikiwa mpya ina volti 3. Ya mwalimu ilipopimwa kwa mita haikufika hata 2. Kwa hiyo kila usiku mipangilio ya BIOS ilifutika na kurudi ya kiwandani, ambayo ni UEFI, wakati Windows yake ilikuwa imepigwa kwa njia ya zamani, Legacy (njia hizi mbili nazieleza hapa chini). Asubuhi mashine ilitafuta faili ambalo halijawahi kuwekwa kwenye diski ile. Windows ilikuwa nzima muda wote. Tulibadilisha betri ya saa, tukageuza diski kama nitakavyoeleza hatua ya 6, na mwalimu akaondoka na mafaili yake yote ya mitihani.

La tatu, ambalo ndilo kiini cha habari yote: njia ya kubuti. Tafuta mahali palipoandikwa "Boot Mode", "UEFI", "Legacy" au "CSM". Kwenye Legacy, mashine husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski na kufuata maelekezo yake. Diski ya namna hiyo huwa imepangwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski. Kwenye UEFI, mashine hutafuta patisheni (sehemu iliyogawanywa ya diski) ndogo iitwayo EFI, ambayo Windows huifanya ya MB 100 kwa kawaida na kuifomati kwa FAT32, kisha hufungua faili la kuanzia lililomo. Diski yake hupangwa kwa GPT, mtindo mpya zaidi. Mfumo uliopigwa kwa njia moja hauonekani kwa njia nyingine, hata kama diski ni nzima na mafaili yamo.

Mchanganyiko huu hutokea hivi: unapiga Windows, inakuambia diski ni ya MBR na mfumo wa EFI unahitaji GPT. Mtu wa karibu anakushauri ubadilishe BIOS iwe Legacy, nawe unaendelea na kumaliza. Inafanya kazi hadi siku BIOS inaporudi ya kiwandani. Au unatengeneza flashi kwa Rufus (programu ya kutengenezea flashi ya kupigia) kwa mpangilio wa MBR wakati mashine imewekwa UEFI. Kwa hiyo jaribio la haraka kuliko yote ni kugeuza hali hiyo: kama ni UEFI, weka Legacy, hifadhi kwa F10, washa. Kama ni Legacy, weka UEFI. Ikiwaka, umeshapata jibu. Usitosheke hapo, nenda hatua ya 6 uirekebishe moja kwa moja, hasa ukiwa na Windows 11, ambayo kwa masharti ya Microsoft inataka UEFI, uwezo wa Secure Boot (ulinzi wa kuanzia) na TPM 2.0 (chipu ya usalama).

Hatua ya 4: Okoa mafaili kabla ya kutengeneza

Kama kuna tasnifu, picha za harusi, au hesabu za duka ndani ya mashine hiyo, simama hapa kwanza. Mtu anaweza kununua diski nyingine. Kazi ya mwaka mzima hainunuliki kwenye maduka ya Uhindini wala Majengo.

Azima kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Ubuntu, kisha kwenye laptopu yako chagua flashi hiyo na ubofye "Try Ubuntu", yaani kuitumia bila kuipiga. Ikishafunguka, fungua meneja wa mafaili, ingia kwenye diski yako, tafuta folda ya "Users", kisha jina lako, na unakili kila kinachokuhusu kwenda diski ya nje. Ikisema diski ni ya kusoma tu, haidhuru, kunakili kunaruhusiwa. Ukiona folda iitwayo "Windows.old", ingia humo pia: mafaili ya mfumo uliotangulia huwa humo, mradi aliyepiga hakufomati.

Ukiwa hapo, sikiliza na utazame. Diski ya zamani inayogonga tik tik, au faili dogo linalochukua dakika nyingi kunakilika, ni dalili kwamba diski inakufa, na kupiga mfumo upya juu yake ni kupoteza muda. HP ina kipimo chake ukigonga Esc kisha F2, na Dell ukigonga F12 utakiona kwenye orodha kwa jina "Diagnostics". Diski ikishindwa kipimo, nunua SSD. Hata kwa laptopu ya miaka mingi, SSD ndiyo pesa ninayoiona imetumika vizuri kuliko nyingine yoyote.

Hatua ya 5: Kioo cha bluu na BitLocker

"INACCESSIBLE BOOT DEVICE" baada ya kupiga, au baada ya BIOS kurudi ya kiwandani, mara nyingi ni mpangilio mmoja tu. Ndani ya BIOS tafuta "SATA Operation" au "SATA Mode". Utakuta AHCI, au RAID, au jina la Intel RST; hizo ni namna mashine inavyowasiliana na diski. Windows hukumbuka ilipigwa ikiwa kwenye upi, na ukibadilika haioni diski. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa "RAID On". Aliyepiga aliweka AHCI, betri ya saa ikafa, ikarudi RAID. Irudishe ilipokuwa. Kama hujui ilipokuwa, jaribu moja, washa, kisha jaribu nyingine. Kubadilisha huku na huko hakufuti mafaili ya diski moja iliyo peke yake, ila usikubali kamwe ukurasa wowote unaokuuliza kuunda RAID mpya.

Mashine zenye prosesa za Intel kizazi cha 11 na kuendelea zina jambo la kwao, VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski. Hizo hukwamia mapema zaidi: programu ya kupigia inasema hakuna diski. Ama uzime VMD ndani ya BIOS kabla ya kupiga, ama upakie draiva ya Intel RST kutoka kwenye flashi kwa kubofya "Load driver".

BitLocker ni kufuli la diski. Ukibadilisha mipangilio kama Secure Boot au TPM, hushuku umeibiwa na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Windows 11 huweza kuwasha kufuli hili yenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila wewe kukumbuka. Fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, ingia kwa akaunti uliyotumia siku ile, linganisha utambulisho ulio kwenye kioo na ulio kwenye orodha, andika tarakimu. Kama haupo huko, rudisha kwanza mpangilio wa BIOS ulioubadilisha. Mara nyingi huacha kuuliza. Bila ufunguo hakuna fundi wa kufungua mafaili hayo, na anayekuahidi anakudanganya.

Hatua ya 6: Kurudishia Windows mafaili yake ya kuanzia

Hapa unahitaji flashi ya kupigia Windows, lakini hutapiga. Chomeka, fungua orodha ya kubuti. Flashi hiyo hiyo inaweza kuonekana mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele yake. Kama unataka mashine ibuti kwa UEFI, chagua hiyo. Ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha ukitokea, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu utaongeza Fn. Dirisha jeusi litafunguka. Andika:

diskpart
list disk

Tazama safu ya mwisho, "Gpt". Diski yenye nyota hapo ni GPT. Isiyo na nyota ni MBR. Tumia ukubwa kutofautisha diski ya ndani na flashi. Usibahatishe.

Kama ni GPT, endelea:

list vol

Utaona orodha. Tafuta iliyo FAT32 yenye takriban MB 100 hadi mia kadhaa, mara nyingi imeandikwa "Hidden" au "System". Hiyo ndiyo EFI. Tuseme ni namba 3:

sel vol 3
assign letter=S
exit

Sasa hakikisha Windows iko herufi gani, maana ndani ya flashi herufi huhama:

dir C:\

Ukiona "Windows" na "Users", ndiyo yenyewe. Usipoziona jaribu D au E. Kisha:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Jibu unalolitaka ni "Boot files successfully created". Chomoa flashi, ingia BIOS, weka UEFI, na uone "Windows Boot Manager" ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Washa. Amri hii moja imeniokolea mashine nyingi kuliko zana zote zinazouzwa na kupakuliwa, na haigusi faili lako hata moja.

Kama diski ni MBR na mashine inakubali UEFI, igeuze badala ya kufomati. Programu ya mbr2gpt imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703. Baada ya kunakili mafaili, kwenye dirisha lile lile jeusi andika:

mbr2gpt /validate /disk:0
mbr2gpt /convert /disk:0

Badilisha 0 kama diski yako ina namba nyingine. Ya kwanza inapima tu; ikikataa, ya pili usiiguse. Sababu ya kawaida ya kukataa ni kuwa na patisheni nne kuu, kwa kuwa inahitaji zisizidi tatu na pasiwe na zile za ndani ya patisheni nyingine. Ikikamilika, ingia BIOS uweke UEFI, vinginevyo haitawaka.

Mashine ya zamani isiyojua UEFI kabisa, mwachie MBR yake. Andika bootrec /fixmbr, kisha bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS. Kama Windows ilitengeneza patisheni ndogo ya "System Reserved", ipe herufi kama tulivyofanya juu na utumie herufi hiyo badala ya C baada ya /s.

Hatua ya 7: Ukiwa na Ubuntu au mifumo miwili

Umepiga Ubuntu pembeni ya Windows, na mashine inaingia Windows moja kwa moja? Ubuntu ipo. Ingia BIOS, orodha ya kubuti, pandisha "ubuntu" juu ya "Windows Boot Manager". Kwa mashine nyingi inaishia hapo.

Umefuta patisheni ya Ubuntu ukiwa ndani ya Windows, na sasa unaona "grub rescue>"? Kama ni UEFI, chagua "Windows Boot Manager" kwenye BIOS. Kama ni Legacy, tumia bootrec /fixmbr.

Ubuntu inayotakiwa kuwepo lakini kianzishi chake kimeharibika hurekebishwa ukiwa ndani ya flashi yake. Fungua terminali, andika lsblk -f uone patisheni zako. Iliyo vfat ndogo ni EFI, iliyo ext4 ni Ubuntu. Kama ni sda1 na sda2:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
exit

Kwa SSD za NVMe majina huwa nvme0n1p1 na kuendelea. Kabla ya kuanza, andika ls /sys/firmware/efi. Ikisema folda haipo, flashi imebuti kwa Legacy, na utakachofanya hakitaingia mahali pake. Izime, uichague tena kwa UEFI.

Ubuntu ikifika kwenye nembo kisha kioo kikawa cheusi, hasa mashine yenye kadi ya NVIDIA, tatizo ni draiva ya picha. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake uandike nomodeset, kisha F10. Ikiwaka, weka draiva ya NVIDIA kupitia "Additional Drivers".

Hatua ya 8: Ikibidi upige upya, piga vizuri

Umenakili mafaili, diski imepita vipimo, na bado imekataa? Sasa piga. Lakini ISO, yaani faili la kutengenezea flashi ya kupigia, isitoke kwa mtu aliyeibeba kwenye flashi yake toka mwaka juzi. Pakua kwa Microsoft au kwa Ubuntu wenyewe. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo nunua bando la usiku, uache ipakue umelala. Likifika, lipime: kwenye Windows andika certutil -hashfile likifuatiwa na jina la faili na SHA256, kisha linganisha na namba iliyo kwenye ukurasa ulikopakua. ISO iliyokatika njiani hupiga hadi mwisho na kukuletea hitilafu zisizoeleweka.

Kwenye Rufus chagua GPT na UEFI, isipokuwa mashine ni ya zamani mno. Weka BIOS kwenye UEFI na AHCI kabla ya kuanza, na usibadilishe tena baadaye. Kama betri yako haishiki chaji, usipige saa ambazo umeme wa mtaani kwenu hukatikakatika, au nenda kwa mwenye UPS. Umeme ukizima katikati ya kunakili mafaili, hakuna amri ya kurekebisha, ni kuanza upya.

Kwenye ukurasa wa patisheni, futa za diski ya ndani unayoiwekea mfumo tu, na kama una D yenye mafaili, hakikisha kwa ukubwa wake ni ipi kabla ya kubofya "Delete". Mashine ikijiwasha upya mara ya kwanza, chomoa flashi.

Ikishafika desktopu, sahihisha tarehe, maana tarehe isiyo sahihi hufanya tovuti nyingi zikatae kufunguka na masasisho yagome. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, usome "BIOS Mode": inapaswa kusema UEFI. Fungua mipangilio ya BitLocker uone kama imewashwa, na kama ndiyo, nakili zile tarakimu 48 kwenye daftari unalolihifadhi nyumbani, si ndani ya laptopu hiyo hiyo. Kisha izime, chomoa chaja, iache hivyo usiku kucha, na asubuhi uiwashe. Ikipita jaribio hilo ndipo uirudishie mafaili yako.